Mwanangu, sio malaria

Mwanangu, huku Mwanza tupo, ziwa limechafuka wiki nzima kwa hiyo dagaa wamepanda bei. Ile hela ya kupima malaria nimepata, nikapima, hamna kitu. Nilijua tu maana joto lenyewe sio la homa, linaanza kifuani linapanda shingoni mpaka usoni, dakika chache nakuwa chapachapa alafu ghafla nasikia baridi. Juzi limenikamata pale Mwaloni Kirumba nampimia mteja dagaa, jasho linadondokea kwenye ndoo na yeye ananiangalia, nikamwambia chukua tu mama hiyo chumvi ya nyongeza, tukacheka.

Daktari kasema ni kukoma hedhi. Najua utaona aibu mama yako kukuandikia haya lakini umeshaoa baba, bora uyajue. Iko hivi, mifuko ya mayai ikianza kuchoka homoni ya estrojeni inapanda na kushuka hovyo mpaka ije ipungue kabisa, sasa ile sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili inakuwa ya kushtuka shtuka, joto kidogo tu inadhani unaungua, inamwaga jasho. Wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55, na hujakoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo hujaona siku zako. Usingizi ndo umeniisha kabisa, saa 9 usiku niko macho shuka limelowa, asubuhi baba yako akikohoa tu naona kanichokoza. Mambo ya chumbani sikuandikii, mkeo atakwambia mwenyewe wakati wake ukifika, we msikilize tu.

Dawa za homoni zipo ila sio za kila mtu, mpaka wakupime kwanza, mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Mifupa nayo inapungua nguvu, eti nitembee sana na nile dagaa wazima na miiba yao, mimi tena!

Sasa kilichonifanya niandike ni shangazi yako wa Ukerewe. Alishakoma miaka mitatu iliyopita, saivi damu imemrudia na anafurahi eti ujana umerudi. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima ni ya kupimwa haraka, mara nyingi sio kitu kibaya lakini inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi, na ikiwahiwa inatibika. Mimi nikimwambia anaona namwonea wivu. Wewe anakusikiliza, mpigie leo, apande meli aje hospitali ya Bugando, nauli ntalipa mimi.

Mama yako