Mbao za milango yako

Kibaha,
14 Septemba 2024

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa baba watoto na kwa wanao wote. Sisi hatujambo. Mdogo alishikwa na mafua wiki iliyopita, ila sasa anakimbia kama kawaida. Nimefurahi sana kusikia mama ameanza kutembea mwenyewe. Mfikishie shikamoo yangu.

Kumbe umeshafunga lenta! Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniuliza uweke mbao gani kwenye milango na kwenye urembo wa kuizunguka. Nilitaka nikupigie simu, lakini jambo hili lina marefu yake, na ningependa uwe nalo kwenye karatasi siku utakayokwenda kununua.

Nianze na yaliyonikuta. Fremu zangu nilinunua Aprili mwaka jana, masika yamekolea. Muuzaji aliniambia ni mninga mkavu. Rangi ilikuwa ya mninga kweli, nami nikaamini kwa macho. Zilikuwa nzito mno, vijana wawili kwa fremu moja, na mimi nikadhani uzito ndio ubora. Yalikuwa maji, shoga. Fundi akazisimamisha, tukapiga plasta, tukapigilia mbao za urembo, zile nyembamba zinazoziba ufa kati ya fremu na ukuta. Kona zote zilikutana vizuri, nikazipapasa kwa mkono nikamshukuru Mungu. Kufika Agosti, upepo wa kipupwe umezikausha, kila kona imeachama upande wa ndani. Sarafu inapita. Nililia, sikufichi, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya mchezo wangu wa upatu wa mwaka mzima.

Mzee mmoja seremala, jirani yetu, ndiye aliyenifundisha. Ubao ukikauka hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa upana. Kona ukiikata nyuzi 45 halafu upana ukapungua, ncha za nje zinabaki zimegusana na za ndani zinaachana. Hakuna gundi wala msumari wa kuzuia hilo. Kwa hiyo kabla hujauliza jina la mti, uliza ukavu, na usiridhike na jibu la mdomo. Kata kipande cha ubao wa unene uleule, kipake rangi ncha zote mbili, kikae pamoja na mbao zako, na kipeleke dukani kwa muuza mchele akipime kwenye mizani yake, andika gramu. Rudi kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, hapo mbao zako ziko tayari. Mimi nimefanya hivyo kwa mbao za pili, na zilichukua zaidi ya miezi miwili ingawa nazo niliambiwa ni kavu.

Wakati unangoja, zipange chini ya paa, juu ya matofali zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, vikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Upepo upite, jua lisizipige. Paka rangi kwenye vichwa, yaani ncha mbili za kila ubao, maana maji hutoka huko haraka na huko ndiko nyufa huanzia. Juu kabisa weka vitu vizito zisijipinde.

Sasa miti yenyewe. Fremu ya nje usifanye ubahili: mninga au mkongo. Kwa bei ya ubao mmoja wa mninga ningepata mbao tatu za paini, lakini mchwa wa huku Pwani wanapanda ukutani usiku mmoja tu. Mninga una sifa nyingine niliyoipenda: ukishakauka hauchezi sana, mlango hausumbui masika wala kiangazi. Mkongo nao ni mgumu na mzito. Unakumbuka ile safari yetu ya Unguja, ulivyokataa kuondoka mbele ya mlango mmoja Mji Mkongwe, ukifuata kwa kidole ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu? Milango ile ilichongwa kwa msaji (ndio mtiki), kwa mfenesi, na kwa mbambakofi. Mbambakofi ndio huohuo mkongo wetu wa bara. Ukiusikia kwa jina hilo Tanga usidhani ni mti mwingine. Chochote utakachochukua, mninga au mkongo, omba uone nyaraka za misitu, hati ya kusafirishia na alama ya nyundo. Miti hii inachukua miaka mingi kukomaa, na mimi sitaki nyumba yangu isimame juu ya wizi.

Kwa mbao za urembo huna haja ya mninga. Wewe uko Muheza, jirani na shamba la mitiki la Longuza! Tumia mtiki. Angalia kitu kimoja tu: ubao uwe wa kiini, ile rangi ya kahawia ya asali. Ule weupe wa pembeni bungua wanaula kama mahindi, na mitiki michanga iliyokatwa kupunguza shamba ina weupe mwingi. Pia mtiki una mafuta yake. Kabla ya gundi au vanishi, fundi aufute kwa spiriti, la sivyo gundi haishiki.

Paini iliyotiwa dawa iache juu, kwenye paa. Na vipande vyake vinavyobaki, tafadhali, mtu asivipikie. Dawa ile ya kijani mara nyingi ina aseniki na moshi wake ni sumu. Nilimkuta binti wa jirani ameshajaza kanga, nikambadilishia na mkaa.

Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, weka ya vigae. Sisi tunadeki kwa maji mengi, ubao wa chini utalowa kila asubuhi. Hapo nilikubaliana na fundi bila ubishi.

Karibu nisahau la maana kuliko yote, kwa sababu lako bado linarekebishika. Tofali lako ni inchi 6. Ongeza plasta nusu inchi huku na huku, ukuta unakuwa 7. Fundi atakuandikia mbao za 2 kwa 6, na zikishapigwa randa hazifiki hata 6. Fremu inazama ndani ya ukuta, mbao za urembo zinakaa upogo, na utajaza simenti mahali ambapo hapakutakiwa simenti. Mimi ilinibidi nibandike vipande vya kuongezea kwenye milango sita. Agiza 2 kwa 8, zipunguzwe hadi zilingane na plasta.

Pima ukuta wako mwenyewe Jumamosi, sehemu tatu za kila mlango, unitumie vipimo. Na ukipita kwa wauza mitiki niulizie futi 60 za upana wa inchi 3, kiini kitupu. Nitakuja kuzichukua Novemba, nilale kwenye hiyo nyumba hata kama haina madirisha.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Kibaha