Kabla Hamjatia Saini

Mwanaidi rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza kama kamati ya maji ikubali hiyo pampu mpya mnayoletewa. Kwanza ikumbukeni PlayPump ya Afrika Kusini: watoto wanazungusha bembea, maji yanapanda tangini. Mwaka 2006 iliahidiwa dola milioni 16.4 kutoka Marekani, lengo likiwa pampu 4,000 kufikia 2010. Moja iligharimu takriban dola 14,000, mara kadhaa ya bei ya pampu ya mkono. Watoto wakienda darasani, akina mama ndio walioizungusha, wameinama. Lakini picha zilipendeza, na fedha za wafadhili hufuata picha. Nani atapigwa picha akikabidhi mpira wa pistoni, kile kiraba kinachosukuma maji juu?

Na mpira huo ndio unaoamua kama pampu itadumu. Chukua pampu ya mkono ya Afridev, iliyojaribiwa hapo hapo Kwale miaka ya 1980. Mchoro wake ni wa umma, kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza. Huvuta maji hadi kina cha mita 45, hufunguliwa kwa spana moja, na vali ya chini, inayozuia maji yasirudi kisimani, huvuliwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Mpini ukiyumba, bushi zinazoushikilia zimelika. Maji yakipungua kila mkupuo, tazameni mpira wa pistoni. Mkipampu sana asubuhi kabla maji hayajatoka, vali ya chini inavuja, au kuna kiungo cha bomba kilichoachia. Bushi na mipira ibadilisheni kila mwaka, msingoje ikwame.

Maji yenu yakiwa na chumvi, kataeni rodi (fito zinazounganisha mpini na pistoni) za chuma kilichopakwa zinki. Zitashika kutu, maji yatanuka chuma, na watu watarudi kwenye kisima cha wazi huku pampu ikihesabiwa kuwa nzima. Dai rodi za chuma cha pua, hata kama bajeti ya mfadhili italia.

Kule Kyuso, Kitui, pampu zilipofungwa vifaa vya kutuma taarifa kwa simu, muda wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Kifaa pekee hakikutosha: palikuwa na fundi anayelipwa kuitikia taarifa hiyo. Basi muulizeni mfadhili wenu, kwa maandishi: spea zinauzwa duka gani, kwa bei gani, na mwaka wa tatu fundi atalipwa na nani?

Niandikie kina cha kisima. Rodi moja ni kama mita 3, kwa hiyo mita 30 zinataka kumi hivi.

Wako,
Rukia