Barua ya malalamiko: dai la mbwa lililokataliwa na bima ya paka isiyolipa

South B,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Madai,
Kitengo cha Bima ya Wanyama wa Nyumbani,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KUKATALIWA KWA DAI LA MATIBABU YA MBWA, NA MASHARTI YA BIMA YA PAKA

Nimepokea barua yenu inayokataa kulipia matibabu ya mbwa wangu, Chui. Nimeisoma sambamba na hati ya bima, kifungu kwa kifungu, na sikubaliani nayo. Naomba dai hili lifunguliwe upya na lipitiwe na mtu mwingine, si yule aliyelikataa.

Chui aliugua homa ya kupe. Alianza kwa kukataa chakula na kujikunyata pembeni, kisha asubuhi moja nikakuta matone ya damu sakafuni, yanamtoka pua moja. Nilipomfungua mdomo, fizi zilikuwa zimepauka, karibu nyeupe. Daktari wa mifugo alimpima damu akakuta erlikia, vijidudu vinavyoleta homa hiyo, na chembe za kugandisha damu zimeshuka vibaya. Alilazwa, akatundikiwa dripu, akaanzishiwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya wiki nne. Bili yote ilifika KSh 31,400. Nililipa kwa M-Pesa kwa kuwa kliniki haingengoja bima, kisha nikawaletea risiti, majibu ya maabara na ripoti ya daktari yenye muhuri na nambari yake ya usajili.

Sababu yenu ya kwanza ya kukataa ni kifungu kinachosema hamlipii "matibabu ya viroboto, kupe na minyoo". Hapa napinga kwa nguvu zangu zote. Kifungu hicho kinahusu dawa ya kuogeshea, dawa ya kudondoshea shingoni na vidonge vya minyoo, gharama ambazo sijawahi kuwadai hata shilingi, hununua mwenyewe. Erlikia si kupe. Ni bakteria wanaoingia ndani ya chembe nyeupe za damu, na kupe ni mbebaji tu anayewapitisha anapouma. Bima ya afya ya binadamu haikatai kulipia malaria eti kwa sababu imeletwa na mbu. Kama nyinyi mlioandika hati mlitaka kuyaacha nje magonjwa yanayoenezwa na kupe, mngeyataja kwa jina. Hamkuyataja. Na kanuni inayojulikana ya mikataba ni kwamba maneno yenye utata katika hati ya bima husomwa kwa faida ya mteja, si ya kampuni iliyoyaandika.

Tena hili si jambo nililoliwazia baada ya mbwa kuugua. Nilipokuwa nikilinganisha kampuni, swali langu la kwanza kwa kila wakala lilikuwa: homa ya kupe mnalipa? Mtu anayefuga mbwa Nairobi anajua kwa nini naanzia hapo. Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, hahitaji nyasi wala kichaka. Anaweza kutaga, kuanguliwa na kukua ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na maungio ya mbao za banda, kwa hiyo hata mbwa asiyevuka geti humpata. Wakala wenu alinijibu kwa WhatsApp: "Ndiyo, homa ya kupe inalipwa baada ya siku 30 za kusubiri." Ujumbe huo nimeuambatisha hapa, pamoja na jina la kampuni yenu kwenye picha yake. Siku hizo 30 zilikuwa zimepita kitambo Chui alipoanza kutoka damu. Wakala huyo mlimtuma nyinyi kuniuzia, na neno lake ndilo lililofanya niwachague nyinyi badala ya wengine.

Sababu ya pili mliyoitoa ni kwamba "huenda" ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Ni kweli erlikia huweza kujificha mwilini kwa miezi, hata miaka, bila dalili. Lakini kabla ya kunipokea mlidai cheti cha daktari, nikawaletea. Kilisema mbwa ni mzima. Mngetaka kipimo cha damu mngekidai siku hiyo, nami ningekilipia. Kadi yake ya chanjo haina pengo: kichaa cha mbwa kila mwaka, na ile chanjo ya pamoja inayokinga magonjwa ya virusi ya distempa na pavo. Erlikia haina chanjo, hivyo hapo pia hakuna uzembe wa kunitwika. "Huenda" si ushahidi wa kumnyima mteja haki yake.

Sasa nije kwa paka wangu, Malaika. Yeye hajaugua, na namshukuru Mungu, lakini dai la Chui ndilo lililonifanya nisome hati yake kwa makini, na nilichokikuta kimenikasirisha kuliko hata barua yenu. Nililipa KSh 3,900 kwa mwaka. Kikomo cha malipo kwa ugonjwa mmoja ni KSh 8,000. Shilingi 5,000 za kwanza za kila dai ni zangu, nazo hukatwa ndani ya kikomo hicho hicho. Kikubwa kabisa ambacho mnaweza kunilipa paka akiugua ni basi KSh 3,000, yaani chini ya ada niliyowapa. Akiugua mara moja kwa mwaka, hata ugonjwa uwe mzito kiasi gani, mimi ndiye ninayepata hasara. Akipata maradhi madogo ya KSh 4,500, silipwi chochote. Bima ni kugawana hatari na wengine. Katika hati hii hatari yote imebaki kwangu.

Hiyo 5,000 ilikuwa wapi siku ninanunua? Haikuwa kwenye tangazo lenu lenye maneno "bima nafuu kwa mbwa na paka". Haikuwa kwenye karatasi ya makadirio. Ilikuwa kwenye hati kamili, ambayo niliipata kwa barua pepe baada ya pesa kuingia kwenu. Ilhali risiti yenu ilinichambulia kila makato mpaka senti: asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu. Mnajua kuandika takwimu waziwazi. Nataka zile zinazomhusu mteja nazo ziandikwe hivyo, na mapema.

Wengi wetu wenye mbwa na paka jijini si matajiri. Chui na Malaika niliwachukua KSPCA, shirika linalotunza wanyama waliotelekezwa, hawana karatasi za ukoo, na wakala alipoona hivyo akapunguza thamani yao kwenye fomu bila hata kuniuliza. (Hilo silifanyi dai la leo, ila ningependa mjue.) Mtu wa kipato changu hulinganisha bima kwa kutazama ada kwa sababu ada ndiyo pekee anayoonyeshwa. Angeonyeshwa kikomo kwa kila ugonjwa, kiasi anachojilipia na orodha ya yasiyolipwa, angeona mara moja kwamba ada ya juu kidogo kwingine ingemfaa zaidi. Mimi ningeona. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayonunua, na kuyapata baada ya kulipa hakumsaidii kuchagua.

Kwa hiyo nadai mambo haya. Nilipwe KSh 26,400 za matibabu ya Chui, yaani bili nzima ukitoa zile 5,000 ambazo hati yake pia inanitaka nijilipie. Bima ya Malaika ifutwe na KSh 3,900 zirudishwe zote, maana hamjalipia lolote juu yake. Na kila mteja anayeomba bima ya mbwa au paka apewe, kabla ya kulipa, ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kiingereza wenye ada, kikomo cha mwaka, kikomo cha kila ugonjwa, kiasi cha mteja, siku za kusubiri, na magonjwa yasiyolipwa yakitajwa kwa majina. Homa ya kupe iwe ya kwanza kwenye ukurasa huo, mkiilipa au msipoilipa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Simu sitazikubali, kwa sababu ahadi za simu hazina pa kushikwa. Muda huo ukipita bila jibu, faili yote, pamoja na ujumbe wa wakala, nitaipeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima pale Upper Hill.

Wenu,
Mteja mwenye Chui na Malaika