Kabla hujazipeleka skii zako kwenye jiwe

Kwako Rashidi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, hofu ni kwako tu na hizo skii zako za masafa, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, maana unasema asubuhi zinakwenda vizuri, jua likishapanda zinagoma kabisa. Umeniuliza uzisagishe kwa mchoro gani, yaani jiwe la mashine lichore michirizi ya namna gani kwenye kitako, ule upande wa chini wa plastiki unaogusa theluji. Nitakujibu, ila niruhusu nizunguke kidogo.

Wengi hudhani kitako cha skii kikilainishwa hadi king'ae ndipo kitateleza. Sivyo. Skii hutelezea utando mwembamba sana wa maji, na tangu 1939 wanasayansi Bowden na Hughes walieleza kwamba maji hayo hutokana na joto la msuguano wenyewe. Kwenye baridi kali utando ni haba, na chembe za theluji ni ngumu, zina ncha, zinakikwaruza kitako. Hapo michirizi iwe myembamba, isiyo na kina. Theluji ikilowa mambo yanageuka: maji yanazidi, yanakishika kitako na kukivuta chini, kama vioo viwili vilivyolowa visivyotaka kuachana. Michirizi mipana yenye kina huukatakata utando huo, huingiza hewa, na maji yakapata pa kupitia. Kinachokusumbua mchana ni hicho, na nta ya kupaka kitakoni peke yake haitakuvusha.

Lakini usichague mchoro kwa kutazama kipimajoto tu. Hewa inaweza kufika nyuzi 5 juu ya sifuri, theluji yenyewe haivuki 0. Chota theluji kwenye glavu uibane. Ikikataa kushikana, ni kavu. Ikifanya donge, ina unyevu. Ukibana maji yakachuruzika, hiyo imelowa. Kisha tazama chembe zenyewe: iliyoanguka jana usiku bado ina vijimikono vyenye ncha, ile ya zamani iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi ni viduara vikubwa. Siku mbili zenye joto lilelile zinaweza kutaka skii tofauti kwa sababu hiyo tu.

Mchoro wenyewe unatoka kwenye almasi. Kabla skii haijapita, fundi hupitisha ncha ya almasi juu ya jiwe linalozunguka. Akiipitisha polepole, jiwe huwa laini. Akiiharakisha, huwa na mikwaruzo mikubwa zaidi, na skii hubeba mikwaruzo hiyohiyo. Ndiyo maana mchoro wenye jina moja unaweza kutoka tofauti kwenye mashine mbili. Kwa hiyo usimwulize fundi jina la mchoro, mwulize ameutengenezea theluji ya namna gani. Akibabaika, mshukuru uondoke.

Ushauri wangu: omba mchoro wa wastani, ukielemea wembamba kidogo, uwe msingi wako wa msimu mzima. Siku za majimaji ongeza michirizi kwa kile kifaa cha mkono chenye gurudumu, baada ya kukwangua nta na kupiga brashi. Uzuri wake ni kwamba alama zilizokandamizwa hivyo hupungua sana ukipiga pasi ya nta tena, kwa kuwa plastiki ikipata joto hurudi ilikokuwa. Jiwe halina huruma hiyo. Kila usagaji unakula kitako, nacho unene wake ni milimita moja na kidogo tu, kwa hiyo habari ya kusagisha kila hali ya hewa ikibadilika waachie timu za mashindano zenye skii kwa makumi.

Ukizirudisha nyumbani, weka rula ya chuma juu ya kitako, uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati au pembeni, kitako hakijanyooka, na mchoro hata uwe mzuri kiasi gani hautakifaa. Pitisha pia kidole: jiwe huacha vinyweleo vya plastiki, na hivyo huburuta hasa kwenye baridi. Viondoe kwa kitambaa kikavu cha nailoni kinachokwaruza, upake nta, ukwangue, urudie.

Na brashi, Rashidi! Nta ikibaki ndani ya michirizi umelipia mchoro usioutumia. Piga brashi ya shaba hadi vumbi la nta likome, kisha umalizie na ya nailoni. Zamani nta zenye florini, kemikali inayofukuza maji, zilificha mengi kwenye theluji ya majimaji. Tangu FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo wa skii, ilipozipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24, kilichochorwa kwenye kitako kinaonekana wazi zaidi.

Kabla hujalipa chochote, zipige picha skii zako karibu kabisa, mwanga ukija kwa ubavuni, unitumie. Huenda michirizi ya kiwandani bado ipo, imejaa nta kuukuu tu, na brashi ya nusu saa ikakuokolea gharama.

Wasalimie wote.

Wako,
Hamadi