Barua kwa mwanangu: koo moja, kazi mbili

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia kwamba kuanzia mwezi ujao utapokea wanafunzi wanne kwa siku, na usiku utaendelea kuimba jazi na bendi. Nimefurahi sana, na pia nimeingiwa na hofu kidogo. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujapanga ratiba. Kinachommaliza mwalimu wa sauti ni kusema kuliko kuimba, na jambo hili huwa halionekani mpaka limeshaharibika.

Piga hesabu pamoja nami. Mwanamke anapoongea, nyuzi zake za sauti hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Dakika moja ya maneno mfululizo ni mara 12,000. Ukiwa jukwaani unapata mapumziko: piano inachukua zamu yake, saksafoni nayo yake, wewe umesimama unasikiliza. Kwenye somo la saa moja hupati hayo. Unaeleza, unaonyesha, unasahihisha, na kibaya zaidi unaongea huku mikono ikipiga piano, basi sauti inapanda yenyewe ili ishinde chombo. Toa mikono kwenye piano kwanza, ndipo useme. Onyesha zoezi mara moja tu, kisha mwache mwanafunzi alirudie mara tatu kabla hujafungua mdomo. Siku yenye onyesho wanafunzi wasizidi wawili, na wa mwisho awe ameshaondoka zamani kabla hujaanza kupasha sauti.

Maji kunywa tangu asubuhi. Wengi hubeba chupa jukwaani wakidhani wanalowesha nyuzi za sauti, ilhali maji unayokunywa hayapiti huko kabisa, yangepita, ungepaliwa. Yanaingia tumboni, yanaingia kwenye damu, na mwili ndio unaozipelekea nyuzi unyevu taratibu. Chupa ya dakika za mwisho inasaidia mdomo tu. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke: dakika 10 za kuvuta mvuke wa kiasi, usiochoma, zinatosha.

Sasa mrija, kwa sababu utautumia wewe na utaufundisha kila siku. Chukua glasi, jaza maji nusu, tumbukiza mrija sentimita 2 hivi, kisha toa sauti ya “uuu” kupitia mrija. Panda na ushuke polepole, do hadi so, halafu telezesha sauti kutoka chini kabisa hadi juu kama king'ora. Tazama mapovu. Yakitoka sawasawa, pumzi na sauti zinakwenda pamoja. Yakikatika, mwanafunzi amebana pumzi. Maji yakiruka nje ya glasi, anasukuma kwa nguvu. Zoezi hili linafaa kwa sababu mrija unarudisha shinikizo kidogo juu ya nyuzi, nazo hutetema bila kupigana kwa nguvu. Dakika 5 kabla ya kuimba, dakika 3 baada ya kuimba. Mashavu yalegee, na hewa isivuje puani. Kama unatia shaka, bana pua kidogo: sauti ikikatika, hewa ilikuwa inapita huko.

Kwenye kuimba kwenyewe, kazi kubwa inafanyika nyumbani, nayo ni daftari la funguo zako, yaani kimo cha sauti unachoimbia kila wimbo. Karatasi nyingi za nyimbo kongwe za jazi zinazozunguka mikononi mwa wapigaji zimeandikwa kwa ufunguo unaowafaa wapiga tarumbeta na saksafoni. Mwanamke mwenye sauti ya kati au ya chini akiuchukua kama ulivyo, mara nyingi ataishia kupiga kelele juu au kumung'unya chini. Ufunguo wako huenda ukawa mbali na ule kwa umbali wa do hadi fa, au do hadi so. Utafute hivi: imba wimbo mzima bila chombo, tafuta noti ya juu kabisa na ya chini kabisa, halafu shikilia ile ya juu kwa mapigo manne, kwa sauti ndogo. Ukiweza kufanya hivyo siku uliyochoka, ufunguo ni huo. Usichague kwa siku ambayo sauti imeamka vizuri.

Karatasi yenyewe iandike mipimo minne (kila kipimo kwa kawaida ni mapigo manne) kwa kila mstari, ili mpigaji aone umbo la wimbo kwa jicho moja. Kurasa zisizidi mbili, maana hakuna mkono wa kufungua ya tatu. Andika utangulizi ni mipimo mingapi na mwisho unakwendaje. Kama kuna tarumbeta, nakala yake ipandishwe toni moja nzima, kama do hadi re, la sivyo atapiga toni moja chini yenu nyote na lawama zitamwendea yeye.

Kuingiza bendi ni kazi yako pia. Kosa lililozoeleka ni kuhesabu kwa mwendo wa moyo unaodunda kwa woga. Kimya kimya, imba kichwani ule mstari wenye maneno mengi zaidi kwenye wimbo, piga vidole kwenye pigo la pili na la nne, na mwendo ukitulia ndipo uhesabu. Nyimbo za polepole nazo zina mtego wake. Wimbo wa mipimo 32 kwa mapigo 60 kwa dakika unachukua dakika 2 na zaidi kwa duru moja, yaani kuupita mara moja mwanzo hadi mwisho. Ukiimba duru nzima, kisha piano duru nzima, kisha wewe tena, umepita dakika 6 na watu wameshaanza kuongea. Imba duru moja, mpe piano nusu, kisha rudi kwenye ile sehemu ya kati ambako wimbo hubadilika sura, umalizie hapo.

Maikrofoni ishike katikati ya mpini wake. Ukiifunika kichwa kwa kiganja unaziba matundu ya nyuma, inaanza kusikia kila upande, na spika zinapiga mluzi. Kwa sauti ndogo iweke sentimita 3 kutoka mdomoni, itakuongezea uzito wa chini. Ukipanda kwa nguvu isogeze hadi 15.

Umesema unataka kuwa mwimbaji wa kila kazi. Vizuri, ila kila kazi ina adabu yake. Ukiwa mwitikiaji studio, ondoa mtetemo kwenye sauti na ufanye irabu zako zifanane na za jirani yako. Ukiitwa na bendi kubwa, yenye tarumbeta, tromboni na saksafoni zipatazo 13, uliza ufunguo kabla ya kukubali, kwa sababu sehemu zote zimeshaandikwa na hakuna atakayezibadilisha jioni hiyo. Na usidhani upana wa sauti ndio kipaji chote. Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, hakuwa na sauti pana, lakini alijua kuchelewesha neno nyuma ya pigo bila kupotea, na hilo hufundishika: mwambie mwanafunzi aseme maneno kama anaongea, huku metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikipiga la pili na la nne tu.

Kuimba kwa silabi zisizo na maana ndiko wanafunzi wengi watakakokuomba kwanza. Wazuie. Wanakimbilia “du-ba-di” na kusahau kordi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zilizo chini yao, basi kinachotoka ni kelele zenye mdundo. Anza na noti za besi, wimbo mzima. Kisha noti ya tatu na ya saba ya kila kordi, maana hizo ndizo zinazoonyesha njia. Baadaye wape noti tatu tu na silabi mbili, wabuni mdundo humo. Ella Fitzgerald, mwimbaji mwingine wa jazi wa Marekani, aliposahau maneno jukwaani Berlin mwaka 1960, alibuni mengine papo hapo na kuendelea kwa silabi, na rekodi ile ikampatia tuzo ya muziki ya Grammy. Wimbo ulikuwa umeshamkaa masikioni, ndiyo maana hakudondoka.

Kuhusu afya sitaki ucheze. Mwanafunzi aliyekwaruza sauti wiki tatu mfululizo aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wewe usimtajie ugonjwa. Sauti ikikatika ghafla katikati ya kuimba, anyamaze siku hiyo hiyo na amwone daktari, kwa sababu huenda mshipa mdogo umepasuka. Pipi za kutia ganzi kooni ziwekwe mbali: zinaficha maumivu, naye anaendelea kujiumiza. Kunong'ona nako si kupumzisha sauti; wengi hubana koo wanaponong'ona.

Malipo yachukue mwanzoni mwa mwezi, na anayeahirisha bila taarifa ya saa 24 hesabu somo limekwenda. Liandike hilo kabla ya somo la kwanza, kwa sababu baada ya kuzoeana utashindwa kulisema.

Kila anapoondoka mwanafunzi, andika mstari mmoja daftarini: “Kidevu kinapanda kwenye noti za juu, mrija dakika 5, wiki hii asiimbe kwa nguvu.” Yeye mwambie la kidevu tu. Ukimpa matatu, nyumbani atakumbuka lile lisilohitajika.

Mama yako