Mlango wa nyuma nao ni mlango

Mhariri,

Nina duka la vitambaa katika jengo moja karibu na Barabara ya Biashara, Mombasa. Mlangoni soja hutukagua mikoba kila asubuhi, nasi hatulalamiki. Tangu shambulio la Westgate kule Nairobi mwaka 2013 tumezoea. Lakini uchochoroni nyuma, mlango wa kuteremshia mizigo hushinda wazi, umeegemezwa jiwe, na yeyote huingia.

Usiku mambo hugeuka. Ngazi ya dharura hutiwa mnyororo na kufuli, ufunguo anao mwenye jengo kwake nyumbani. Mafundi cherehani wa orofa ya tatu, ambao Idi ikikaribia hushona hadi usiku wa manane, moto ukizuka watapita wapi? Kuna makomeo ya kusukuma kutoka ndani, yasiyofunguka kwa nje. Mwizi hapiti, na mtu hafungiwi.

Sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016 inataka walinzi wafunzwe na wasajiliwe. Mzee wetu hulinda orofa nne peke yake, silaha yake rungu na tochi. Namhurumia kwa kweli.

Wakaguzi wa kaunti, tafadhali njooni. Na mje usiku.

Mfanyabiashara,
Mombasa