Mwisho wa vita ya Biafra, Januari 1970: barua kwa binti yangu aliyeolewa Enugu, Nigeria

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini baba mkwe wako, aliposikia wewe ni Mtanzania, alisimama akakushika mikono yote miwili na kulitaja jina la Mwalimu. Shemeji zako hawakukueleza, nami sishangai. Ni jambo zito kulizungumza mezani mbele ya mgeni.

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, yaani mashariki ya Nigeria iliyojitenga mwaka 1967 na kupigwa vita na serikali ya Nigeria; tulikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata. Kumbuka Mwalimu alikuwa ameunganisha Tanganyika na Zanzibar miaka minne tu kabla, na umoja wa Afrika ndio uliokuwa wimbo wake. Lakini mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na zaidi ya milioni moja wakakimbilia kwao mashariki. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na watu wasiopata usalama ndani yake huwezi kuwafunga humo kwa mtutu wa bunduki. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nikajivunia, na bado najivunia. Kwa hiyo wazee wa huko hawajatusahau.

Ila kutambuliwa hakukuzuia kilichokuja. Nataka uujue mwisho wa vita ile, maana ndio unaoishi ndani ya nyumba uliyoingia.

Enugu, mji unaokaa sasa, ulikuwa makao makuu ya Biafra, nao ulianguka mapema, Oktoba 1967. Port Harcourt ikaenda Mei 1968, na bahari ikaenda nayo. Umuahia ikafuata Aprili 1969. Owerri Wabiafra waliweza kuirudisha, mwezi huo huo. Ukibaki bila bandari, na barabara zote ziko mikononi mwa adui, chakula kinapita wapi? Kilipita Uli. Pale walichukua kipande cha barabara ya lami, wakakipanua, wakakigeuza kiwanja cha ndege. Ndege zilitua usiku, katika giza, taa za njia zikiwashwa ndege inapokaribia kugusa ardhi na kuzimwa mara moja kwa kuogopa mabomu. Humo ndimo ilimopita samaki mkavu, chumvi na maziwa ya watoto. Havikutosha. Kwashakoo ilivimbisha miguu na matumbo ya watoto vijiji kwa vijiji. Wengi hukadiria kuwa waliokufa katika vita ile walizidi milioni moja, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko risasi. Ukimwona mama mkwe wako hatupi chakula, usimshangae.

Desemba 1969 majeshi ya Nigeria ya Kanali Olusegun Obasanjo yaliyotoka kusini yalikutana na yale ya kaskazini, Biafra ikakatwa vipande viwili. Januari Owerri ikaanguka tena. Usiku wa kuamkia tarehe 11, Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alipanda ndege, akiaga kwamba anakwenda kutafuta amani. Alifikia Ivory Coast, na hakurudi Nigeria hadi 1982, aliposamehewa.

Aliyeachiwa mzigo ni Meja Jenerali Philip Effiong. Mtu huyu namheshimu sana, mwanangu, na ninasikitika kwamba watoto wengi wanalijua jina la aliyeondoka na hawalijui la aliyebaki. Hakuwa Mwigbo, alikuwa Mwibibio. Angeweza naye kutafuta nafasi katika ndege. Tarehe 12 Januari aliongea redioni, akawaambia watu wake kwamba umwagaji damu lazima ukome, kwamba ameamuru askari waache mapigano kwa utaratibu, na kwamba anatuma wajumbe kwa makamanda wa upande wa pili. Hebu fikiria askari aliyewazika wanawe, bunduki ingali mikononi na msitu uko nyuma yake, akiambiwa basi. Wangeweza kuingia porini wakapigana miaka mingine mingi. Walimsikiliza, wakaweka silaha chini.

Alikutana na Obasanjo pale Amichi. Tarehe 15 wakawa Lagos, Effiong pamoja na Jaji Mkuu wa Biafra, Sir Louis Mbanefo, mbele ya Jenerali Gowon, mkuu wa nchi ya Nigeria. Effiong akatangaza kwamba Jamhuri ya Biafra haipo tena. Gowon akasema hakuna mshindi wala mshindwa. Dunia ilikuwa inangoja mauaji ya kulipiza kisasi. Hayakutokea kwa kiasi kilichoogopwa, na hakuna aliyenyongwa kwa uhaini. Hilo Gowon anastahili kusifiwa nalo, nami sitamnyima.

Lakini mfukoni mambo yalikuwa mengine. Mwigbo aliyekuwa na akaunti benki, hata kama aliweka maelfu kabla ya vita, alipewa paundi 20 tu. Tajiri na muuza vitunguu, wote paundi 20. Waliorudi Port Harcourt walikuta nyumba zao zimeandikwa kuwa mali iliyotelekezwa, zina wenyewe wapya. Na mwaka 1972, serikali ilipoamuru hisa za makampuni ya wageni ziuzwe kwa Wanigeria, Waigbo wangenunua kwa fedha gani? Kwangu mimi hapo ndipo amani ile iliposalitiwa. Effiong mwenyewe alifukuzwa jeshini, na kufukuzwa huko kuligeuzwa kuwa kustaafu mwaka 2000. Aliyefanya hivyo ni Obasanjo yule yule wa Amichi, wakati huo akiwa Rais.

Nasikia vijana wa huko bado wanabishana kuhusu Biafra, wengine kwa hasira. Wakianza, wewe wasikilize, usiwe mwepesi kuwaambia kwamba yale yamepita. Wengine bado wanaidai nyumba ya babu yao.

Nauli tunaitafuta. Mavuno yakiuzwa vizuri, mimi na mama yako tutakuja kuwaona wakwe. Ulizia huko kama kitenge kinafaa kwa mama mkwe wako, au tumletee khanga.

Ni mimi baba yako akupendaye.